Anayedaiwa Asitaje Bei

Na Somoe Mohamedi, Kilwa Kivinje

Anayedaiwa matunzo haulizwi anapenda kulipa kiasi gani. Sikutegemea kuwa hili litahitaji kuandikwa gazetini, lakini wiki hii nimelishuhudia kwa macho yangu kwenye ofisi ya kijiji kimoja cha wilaya yetu, na hasira hazijanitoka mpaka sasa.

Mume na mke wameachana. Watoto watatu wako kwa mama, mkubwa darasa la sita, mdogo bado ananyonya. Mama amekuja kudai matunzo. Wazee wameketi, mwenyekiti kashika kalamu, na swali lake la kwanza likaenda kwa baba: "Haya bwana, wewe utaweza shilingi ngapi?"

Baba akajikuna shingo, akasema elfu ishirini kwa mwezi, "maana hali ngumu, Mwenyekiti." Wasomaji wangu wa siku zote mmeshamtambua: Bwana Hali Ngumu wetu huyo, jina ninalompa kila baba wa aina hii, safari hii kaja na kanzu iliyopigwa pasi. Mzee mmoja akamwambia aongeze kidogo. Akaongeza elfu tano. Mwingine akasema basi ifike thelathini watu waondoke, adhana inakaribia. Ikaandikwa thelathini. Watoto watatu wamenadiwa kama mtungo wa pweza, na aliyetaja bei ni mnunuzi.

Mama hakuulizwa neno. Naye majibu yote alikuwa nayo mapajani: daftari la mwanawe, kurasa za nyuma kazijaza kwa peni. Nikaliomba, nikalisoma palepale. Sembe, kila wiki kilo zake. Mafuta ya kula, vipimo. Dagaa, mafungu. Sukari robo, robo, robo, karibu ukurasa mzima wa robo. Sabuni ya mche, nusu. Mchango wa uji shuleni. Viatu vya mkubwa, pembeni kaandika "bado". Halafu, kwa herufi kubwa kuliko zote, bodaboda ya usiku kwenda Hospitali ya Kinyonga, mdogo ana homa, na jina la jirani aliyemkopesha nauli.

Matunzo ya watoto wale yalikuwa mle ndani. Kazi ya baraza ilikuwa kujumlisha, kisha kuuliza kila mzazi ana uwezo gani. Mimi nilijumlisha. Elfu thelathini haivuki katikati ya mwezi, na hapo hujanunua viatu. Asiniambie mtu kwamba elimu ni bure. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari vinanunuliwa dukani kama zamani.

Sheria ipo wazi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 44, inaitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, itazame kama uwezo wa mlipaji wa kutafuta umepungua, watoto wengine anaowalea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Kabla yake, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, ilishamtwika baba malazi, mavazi, chakula na elimu ya wanawe kwa kadiri ya uwezo na hadhi yake, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Kuna wazee bado wanaishi enzi ya sheria iliyofutwa mwaka 2009, ile iliyokuwa imeweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Shilingi 100! Leo hiyo ni andazi moja, na si kila genge utalipata. Kwa wazee hao matunzo ni hisani ya baba, akitoa ashukuriwe.

Uingereza wana asilimia kabisa: kwa kiwango cha kawaida, mtoto mmoja 12 ya kipato cha mzazi, wawili 16, watatu na kuendelea 19. Siililii asilimia hiyo. Imekatwa kwa watu wa mishahara, na pwani yetu haina mishahara. Sisi tunakosa waulizaji.

Maana ngao ya Bwana Hali Ngumu ni moja tu: kipato chake hakijulikani. Hakijulikani kwa nani? Baharini anakwenda bamvua hadi bamvua, dago analijua, na chombo kikirudi yanatolewa mafuta na barafu, mwenye chombo anachukua chake, mabaharia wanagawana. Nahodha anajua nani kaondoka na nini. Na huyu wa wiki hii ana shamba la ufuta pia. Ufuta wa Lindi siku hizi unapimwa chama cha msingi, unaingia ghalani, unauzwa mnadani, fedha zinapita benki. Kilo zake zimeandikwa na jina lake limeandikwa. Baada ya msimu ameezeka bati jipya kwa mke mpya, na mwenyekiti anapita mbele ya bati hilo kila siku akienda msikitini. Kisha anakaa barazani na kuandika kwamba baba hana kipato maalumu!

Kama fedha za baba zinakuja kwa msimu, matunzo nayo yafuate msimu. Chakula kilipwe mwezi kwa mwezi, na ufuta ukiuzwa, kilo za watoto zitengwe kabla baba hajafika dirisha la benki: sare, viatu, bima ya afya.

Lililonichoma zaidi lilisemwa mlangoni, watu wakitawanyika. "Wana wajomba zao," akasema baba. Huku Kusini wengi wetu tumelelewa hivyo, mtoto anahesabiwa kwa mama na mjomba ndiye mkubwa wake, na mimi desturi hiyo naiheshimu. Mbona mababa hawa huikumbuka siku ya kulipa tu? Binti akiposwa utawakuta mkeka wa mbele wanapokea mahari. Na kanzu ile aliyovaa ingemkumbusha kuwa aliyemwacha ni mke. Watoto hawapewi talaka, na kuwalisha ni faradhi juu yake.

Karatasi ya thelathini mama hakuisaini. Jumatatu anakwenda Kilwa Masoko kwa afisa ustawi wa jamii, kisha mahakamani, maana amri ya matunzo hutolewa huko. Nauli imepatikana. Daftari analo, na nimemwambia aiombe mahakama iite vitabu vya chama cha msingi, ili Bwana Hali Ngumu akiulizwa tena kuhusu kipato chake ajibu kilo zikiwa zimeshasomwa mbele yake.