Kasese na Bwera: Anayejenga nyumba za kupangisha hubakiwa na nini?

Wajenzi wa nyumba za biashara huhesabiwa miongoni mwa matajiri wa kila mji. Hata hivyo, swali la wanapata kiasi gani halina jibu moja nchini Uganda, kwa kuwa walio wengi hawapokei mshahara. Mjini Kampala zipo kampuni zinazoajiri wahandisi, wasanifu na mawakala wa mauzo. Magharibi mwa nchi, katika wilaya ya Kasese, mjenzi kwa kawaida ni mfanyabiashara, mwalimu au mkulima wa kahawa aliyenunua kiwanja kwa akiba yake. Pato lake ni kile kinachobaki baada ya saruji, mafundi, riba na kodi ya serikali kulipwa.

Hesabu ya mkopo

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtu anajenga nyumba ya vyumba sita kwa shilingi milioni 60 za mkopo, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kiwango kisichokuwa kigeni katika benki za Uganda. Riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi milioni 10.8. Akipangisha kila chumba kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na vyumba vyote vikajaa mwaka mzima, atakusanya shilingi milioni 10.8 zilezile.

Hapo bado hajalipa kodi. Kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pato ghafi la pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama zake. Katika mfano wetu hiyo ni shilingi 957,600. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekopa anamaliza mwaka na hasara, na deni lenyewe halijapungua hata shilingi moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini majengo mengi katika miji midogo husimama miaka kadhaa bila paa. Mwenyewe hujenga kadiri anavyopata: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati baada ya mavuno mazuri. Anaepuka riba, lakini fedha zake hukaa ndani ya kuta muda mrefu bila kuzaa chochote.

Kasese: ardhi finyu, mto mkali

Mji wa Kasese ulikuzwa na reli iliyofika mwaka 1956 kusafirisha shaba ya Kilembe. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye treni nazo zikakoma. Mpangaji wa leo si mchimba shaba tena. Ni mtumishi wa serikali, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Hima, mwanafunzi au mchuuzi.

Viwanja ni haba kwa sababu ya wazi. Zaidi ya nusu ya eneo la wilaya imo ndani ya hifadhi, zikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na ile ya Milima ya Rwenzori. Uhaba huo humnufaisha aliyenunua mapema, na humbana anayeanza leo. Juu ya hayo, mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukarudia 2014, na mwaka 2020 ukaharibu vibaya makazi na hospitali ya Kilembe. Kiwanja cha bei nafuu kando ya mto kinaweza kuwa ghali kuliko vyote.

Bwera: pato la mpakani

Bwera hali ni nyingine. Mji huu uko jirani na kituo cha Mpondwe, mkabala na Kasindi upande wa Kongo. Anayejenga hapa hutazamia maghala, maduka na nyumba za wageni zaidi ya vyumba vya watumishi. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka uliotangulia marais wa nchi hizi mbili walizindua pale Mpondwe ujenzi wa barabara za mashariki mwa Kongo, ikiwemo ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Matumaini ya wenye viwanja yamejengwa juu ya barabara hiyo.

Lakini mpaka unaoleta wateja ndio unaowaondoa. Mwaka 2019 Ebola ilivuka hapa. Machi 2020 abiria walizuiwa kuvuka kwa sababu ya Korona. Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari Mpondwe na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Kila pigo la namna hiyo huacha vyumba vitupu, ilhali riba haisubiri amani.

Fundi analipwa na nani?

Tofauti za maeneo zinaonekana pia katika ujira wa wajenzi. Kenya hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa makundi ya maeneo, Nairobi na Mombasa zikiwa juu ya miji midogo. Uganda bado ina kima cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984. Mswada wa kukibadilisha uliopitishwa na bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na rais. Hivyo mwashi wa Bwera hulipwa kwa mapatano tu, na mwenye jengo akibanwa na gharama, ujira wa fundi ndio rahisi kupunguzwa.

Mpangaji naye ana kinga kidogo: sheria ya mwaka 2022 inazuia pango kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Fundi hana kinga ya namna hiyo. Ikiwa serikali inataka miji ya mpakani ikue, itabidi iangalie mambo mawili kwa pamoja: kodi inayotozwa kabla ya faida kupatikana, na ujira usio na kiwango. Bila hivyo, nyumba zitaendelea kupanda polepole, na faida ya kwanza itakuwa ya mkopeshaji.