MAWAZO SI UGONJWA WA MVIVU



Kuna neno lisemwalo sana siku hizi katika maofisi, nalo ni hili: mfanyakazi akiwa na mawazo mengi, kosa ni lake mwenyewe. Huambiwa hajui kujitawala. Huambiwa apumue polepole, anywe maji, akimbie asubuhi, asiwe mtu wa kununa. Waajiri wengine huleta hata msemaji kwa saa moja. Watu huketi wakasikiliza, kisha hurudi kwenye zamu zile zile, wachache wale wale, wakiifanya kazi ya watu wengi. Sisi twasema dawa hiyo haitoshi. Ni kumpaka punda mafuta mgongoni bila kumtua mzigo.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Mtu akishtuka, mwili wake hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio, damu husukumwa kwa nguvu, sukari huongezeka katika damu. Hayo si mabaya. Dereva wa treni akiona ng'ombe relini, ndiyo yamwezeshayo kushika breki upesi. Ubaya ni pale hofu isipokwisha. Mwili ukikaa tayari usiku na mchana, mwezi hata mwezi, mtu hukosa usingizi, tumbo humsumbua, hukasirika ovyo nyumbani, na presha huweza kupanda. Presha haipigi hodi. Siku moja mtu huanguka kwa kiharusi, na majirani husema amerogwa.

Wako wasemao kwamba mawazo ni ugonjwa wa mabwana wakubwa wenye mambo mengi kichwani. Si kweli. Tangu mwaka 1967 wataalamu wa London waliwachunguza wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali. Wale wa vyeo vya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara 3 kuliko wale wa vyeo vya juu, na tofauti ya sigara na presha haikutosha kueleza jambo hilo. Uchunguzi uliofuata, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kwamba hatari moja ni mtu kukosa neno juu ya kazi yake mwenyewe. Bwana mkubwa ana kazi nyingi, lakini ndiye apangaye saa zake. Sisi hupangiwa.

Na saa zenyewe je? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Hatari ya kiharusi kwa mtu wa namna hiyo huzidi kwa asilimia 35 ile ya mtu wa saa 35 hadi 40. Sasa tazameni amri ya jumla ya mishahara hapa Kenya: saa 52 kwa juma, na kwa kazi ya usiku saa 60. Yaani mtu wa usiku aweza kuvuka mstari wa hatari bila sheria yo yote kuvunjwa! Na tangu mwaka 1919 mataifa yalikwisha patana, kwa kazi za viwandani, juu ya saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Kwa hiyo mapatano mazuri ya chama ni bora kuliko sheria tupu.

Tutazame hapa kwetu Gikomba. Mtu wa zamu ya usiku arudi asubuhi alale. Alale wapi? Kamukunji nyundo zagonga mabati tangu jua kuchomoza, mikokoteni yapita mlangoni, wachuuzi wapaza sauti. Alala saa tatu, aamka kichwa kizito, na usiku yampasa kushika kazi ambayo kosa moja dogo laua watu. Mkewe naye aliamka alfajiri kwenda kufungua belo la mitumba alilolinunua kwa mkopo. Soko hilo limeungua mara nyingi. Tarehe 28 Juni 2018 moto uliua watu 15. Kila mwenye kibanda pale hulala sikio moja likiwa wazi. Nani atamwambia mama huyo apumue polepole? Kweli wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi twadai nini?

1. Zamu zitangazwe mapema, na mtu asitolewe zamu ya usiku akaingizwa ya asubuhi bila kupumzika sawasawa.

2. Mahali pa mtu aliyeondoka paajiriwe mtu. Pengo lisizibwe kwa migongo ya waliobaki.

3. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ifuatwe: siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Hata katika shule za misheni tulifundishwa kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Msimamizi ni nani hata amzidi?

4. Kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka iwepo kamati ya usalama na afya. Kamati hizo zisihesabu vidole vilivyokatika tu. Zihesabu na usingizi uliokatika.

Lakini tusimnyoshee kidole mwajiri peke yake. Wako wenzetu wauzao likizo yao kwa fedha kidogo, na wengine hupigania saa za ziada hata mgonjwa asiachiwe nafasi. Twajua mshahara ni mdogo. Lakini auzaye mapumziko yake auza moyo wake kwa vipande, na mwajiri aona kwamba watu wachache watosha. Wako na watafutao usingizi ndani ya chupa, na kukesha ndani ya miraa. Chupa hailipi deni, na usingizi wake si wa kupumzisha.

Nendeni mkapimwe presha. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii, basi tuitumie kabla ya kuanguka. Tembeeni, lala gizani uwezapo, na mwenye deni asifiche, alieleze chamani mapema. Kupumua polepole pia si vibaya. Tunachokataa ni kupewa hilo badala ya haki.

Tena tuache kucheka. Mwenzetu akinyamaza siku nyingi, asiitwe mtu wa Mathari. Mpaka Januari 2025 sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ndipo Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo ni kinyume cha Katiba. Ikiwa mahakama imeondoa pingu, sisi tusizirudishe kwa ulimi. Mketi karibu, umwulize, umsindikize hospitali, na umwambie mjumbe wa chama ikiwa chanzo ni kazi.

Mtu mmoja akisema amechoka, huitwa mvivu. Watu mia wakisema wamechoka, na saa zao zimeandikwa kwenye karatasi, hiyo ni hoja ya mezani. Kwa hiyo kuanzia zamu ya leo kila mtu aandike saa aliyoingia na saa aliyotoka, ampe mjumbe wake mwisho wa mwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu!

Sisi wenzenu wa reli, Gikomba.