Lugambo, Kodi na Bei ya Jumla: Mtandao wa Kijamii katika Soko la Kikuubo

Kikuubo, jina ambalo kwa Kiganda humaanisha ujia au kichochoro, ni soko la jumla lililo katika Kampala ya chini, jirani na kituo kikongwe cha teksi, ambamo wenye maduka ya rejareja kutoka pande nyingi za Uganda, pamoja na wanunuzi wa Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, hujazia sukari, chumvi, sabuni, biskuti na mafuta ya kupikia. Biashara yake husimama juu ya faida ndogo kwa kila katoni na wingi wa katoni zinazotoka kwa siku, ndiyo maana gharama ambayo mtu wa ofisini angeiita chenji huhesabiwa humo kwa makini. Kwa sababu hiyo soko hili ni kipimo kizuri cha swali ambalo Uganda imelijadili tangu 2018: kodi ya mtandao wa kijamii imwangukie nani, anayeutumia, anayetangaza humo, au kampuni inayouza matangazo?

Matangazo ya mtandaoni ya wafanyabiashara wa aina hii ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya bure: mwenye duka hupiga picha ya mzigo mara unaposhushwa, akaandika bei ya katoni, idadi ya chini anayouza kwa bei hiyo na namba ya kupokelea pesa za simu, kisha akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, yaani ubao mdogo ambao watu waliohifadhiana naye namba huuona kwa saa 24 kabla haujafutika. Muda huo mfupi, ambao kwa muuza viwanja ungekuwa kasoro, unalifaa soko ambalo bei ya sukari ya asubuhi huenda isiwe ya jioni. Namna ya pili ni ya kulipia, ambapo kampuni kama Meta, mmiliki wa Facebook, au Google hupokea fedha ili kulisukuma tangazo mbele ya watu wasiomjua muuzaji, waliochaguliwa kwa umri, mahali walipo na mambo wanayoyapenda. Tangazo la kwanza huishi juu ya uaminifu uliokwisha kujengwa dukani, ilhali la pili humnunulia muuzaji macho ya wageni.

Tofauti hiyo haikuzingatiwa mwaka 2018. Katika barua aliyoiandikia Wizara ya Fedha mwezi Machi mwaka huo, Rais Yoweri Museveni aliuelezea mtandao wa kijamii kuwa uwanja wa lugambo, neno la Kiganda lenye maana ya umbea, na akataka watumiaji wake walipe. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kufungua Facebook, WhatsApp au Twitter alitozwa shilingi 200 kwa siku, kodi iliyojulikana kwa herufi za OTT, na siku hiyohiyo ikaanza kodi ya asilimia 1 juu ya miamala ya pesa za simu, iliyopunguzwa baadaye hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa fedha tu. Kwa mchuuzi wa mikoani aliyezoea kuona bei kwenye stetasi, kuagiza kwa ujumbe na kulipa kwa simu, kodi mbili zilikuwa zimewekwa kwenye njia moja.

Matokeo yalikuwa hasara kwa pande zote. Katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa takwimu za Tume ya Mawasiliano ya Uganda, idadi ya wanaotumia intaneti ilishuka kwa zaidi ya milioni 2.5, na katika mwaka wa fedha wa 2018/19 serikali ilikusanya takriban shilingi bilioni 49.5 badala ya bilioni 284 zilizotarajiwa. Wengi walikwepa kwa VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano katika kompyuta za nchi nyingine na kuficha mahali alipo mtumiaji. Tarehe 1 Julai 2021 OTT ilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya bando, ambao ni vigumu zaidi kuukwepa, lakini bado unamtoza mtu kwa kuingia sokoni kabla hajauza wala kununua chochote.

Kabla ya mabadiliko hayo lilikuwa limekuja pigo jingine. Mnamo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook iliondoa akaunti ilizodai zilihusishwa na serikali, na serikali ikajibu kwa kuufungia mtandao huo, kifungo kilichoendelea kwa miaka hata baada ya intaneti yenyewe kurejeshwa. Watu waliendelea kuingia kwa VPN, na hapo ndipo tangazo la kulipia lilipopotea njia, kwa kuwa mteja aliyeketi Kampala huweza kuonekana kana kwamba yuko Uholanzi, na muuzaji anayelipia tangazo lionekane na watu wa Kampala huweza kumkosa jirani yake.

Serikali ina hoja ya haki inaposema kwamba kampuni za kigeni huvuna fedha za matangazo Uganda bila kuacha kitu. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2023, inayotoza asilimia 5 ya mapato ya kampuni zisizo na makazi nchini kutokana na huduma za kidijitali, matangazo yakiwemo, inaelekea upande ulio sahihi. Wapinzani watasema kwamba mzigo huo humrudia mtangazaji, na hawajakosea, kwa kuwa tangu Novemba 2020 Google imekuwa ikiwaongezea watangazaji wa Uingereza asilimia 2 kufidia kodi kama hiyo. Hata hivyo, kodi inayomrudia aliyechagua kununua macho ya wageni ni nafuu kuliko ile inayomdai kila mtu, hadi mwenye kioski anayetaka tu kujua bei ya mche wa sabuni.

Hukumu inayofuata ni nyepesi kuitamka, ijapokuwa Hazina haitaipenda: kodi ya matangazo ibaki kwa wanaouza matangazo, ushuru wa asilimia 12 juu ya bando uondolewe, na ugomvi kati ya serikali na kampuni ya kigeni usimalizwe kwa kufunga mlango ambao wenye maduka wanaupitia. Lugambo ilikuwepo Kampala kabla ya simu, na hakuna aliyewahi kufikiri kuweka kiingilio mdomoni mwa Kikuubo ili kuinyamazisha.