Kopo la mboga: Ladha nzuri si hati ya usalama

Mama mmoja wa Chemchem, mgonjwa wa presha wa muda mrefu, alinieleza kwamba ameacha nyama nono. "Sasa nakula mboga tu, daktari," alisema. Hata hivyo, presha yake ilikuwa imepanda kuliko mwezi uliotangulia. Tulipoulizana zaidi nikagundua kuwa mboga zenyewe ni maharage na njegere za kopo, anazozipenda kwa sababu "zimekolea." Kweli zimekolea, lakini zimekolea chumvi.

Zamani kiangazi cha Tabora kilivukwa kwa nsansa, yaani majani ya mboga yaliyokaushwa juani. Siku hizi makopo ya njegere, mahindi matamu na nyanya yamo katika maduka ya mitaani. Si vyakula vibaya. Kopo lililotengenezwa vizuri hufungwa na kuchemshwa kwa joto linaloua vijidudu, na mboga hubaki na nyuzinyuzi na madini yake mengi, ingawa vitamini C hupungua. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalipima kwa ulimi peke yake.

Ulimi hauwezi kukwambia kama chakula ni salama. Kijidudu Clostridium botulinum huweza kukua ndani ya kopo lisilochemshwa vya kutosha au lililopasuka mshono. Sumu yake ni nadra, lakini huua, na chakula chenye sumu hiyo huweza kuonekana na kunukia kawaida. Kwa hiyo usionje ili kuhakikisha. Kagua kopo kabla ya kulipa: lisiwe limevimba, linavuja, lina kutu nzito au limebonyea penye mshono au ukingo. Likirusha povu au likitoa harufu mbaya unapolifungua, litupe mbali na watoto na mifugo. Aliyekula akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe. Dalili hizo kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula.

Ubora ni jambo jingine. Mboga nzuri huwa nzima, haijavurugika, na rangi yake ni ya kawaida. Maji ya maharage kuwa mazito kidogo si kasoro, kwani hiyo ni wanga. Soma uzito wa mboga baada ya kuchuja maji, maana hiyo ndiyo mboga unayolipia. Epuka makopo yaliyoanikwa juani mbele ya duka, hasa Septemba na Oktoba, kwa kuwa joto huharibu ladha na ulaini wake.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Tafuta neno "sodiamu" kwenye lebo, kisha zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Kopo lenye miligramu 300 za sodiamu kwa kila gramu 100 lina gramu 0.75 za chumvi katika kiasi hicho. Ukila gramu 240, umemaliza gramu 1.8, zaidi ya theluthi ya kiwango cha siku, kabla hujagusa kitu kingine. Mwaga maji ya kopo, suuza mboga kwa maji safi na salama, na usiongeze chumvi unapopika. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe mboga yenye chumvi ya kopo. Mpondee mboga mbichi iliyopikwa nyumbani.

Kama huna friji, fungua kopo litakaloliwa lote kwa mlo huo. Mwenye friji ahamishie kilichobaki kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Tangu 2019, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kila duka. Makopo yaliyobonyea yanapouzwa kwa bei ya kutupa, anayeshawishika ni mwenye kipato kidogo na watoto wengi. Ukiyaona yamevimba au yamepita muda, mwambie ofisa afya wa kata. Hujamwonea mwenye duka, umemwokoa jirani.

Mama yule hakuambiwa aache makopo. Aliambiwa asome, amwage, asuuze. Na siku mchicha upo sokoni, aanze na mchicha.