TAMKO LA TAWI: VIJANA WAFUNDISHWE HAIDROLIKI



Kijiko kinanyanyua mawe kwa nguvu ya mafuta yenye presha inayozidi ya tairi la gari zaidi ya mara 100. Mpira ukitoboka tundu la sindano, mafuta hayo hupenya ngozi na fundi anaweza kukatwa mkono.

Hata hivyo, vijana wetu wengi hujifunza kazi hii gereji kwa kubahatisha. Mashine ya kiwandani ikigoma, fundi anaitwa kutoka mbali.

Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, na sehemu yake huenda VETA. Tunamtaka mbunge wetu adai kozi fupi za haidroliki: kusoma michoro, kupima pampu, kushusha presha kabla ya kufungua mpira. Ajira zipo, tunachokosa ni mafunzo.

Katibu Mwenezi wa Tawi