Umeme Uliojificha
Vijana wengi wapendao kujiundia vyombo vya umeme hudhani ya kuwa chombo kikisha kuchomolewa ukutani hakina hatari tena. Sivyo. Mwaka 1746, huko Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alieleza jinsi alivyopigwa na umeme uliowekwa katika chupa ya maji. Kapasita ya leo ni mjukuu wa chupa hiyo. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, kapasita yaweza kuweka akiba ya volti zipatazo 325, nazo zaweza kuua. Basi fundi mwenye busara huimaliza akiba hiyo kwa rezista, kisha huipima kwa mita. Volti zikisalia, hurudia tena kabla ya kugusa. Tahadhari kabla ya hatari.