Kitivo na Bei ya Kobalti

Vijana wenzetu, kila mwaka baada ya mtihani wa Serikali, swali lilelile hurudi katika familia za Mitwaba: kijana aende Lubumbashi kusoma, au ashike sururu akachimbe kasiteriti? Naye anayekwenda huulizwa jambo moja tu: kitivo gani kina kazi? Jibu huwa tayari: cha migodi.

Hatuulaumu woga huo. Wazazi wetu waliiona Gécamines, iliyowasomesha na kuwatibu watoto wa wafanyakazi wake, ikiwaachisha watu zaidi ya 10,000 kuanzia mwaka 2003, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kwa mtu aliyekuwa akidai mishahara ya miezi mingi? Na mwezi wa Februari 2025 Serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, kwa kuwa bei ilikuwa imeporomoka.

Masomo ya uhandisi huchukua miaka 5. Bei haimngoji mwanafunzi. Achaguaye kwa kutazama soko la leo hujiandaa kwa soko ambalo huenda asilikute. Wauguzi na walimu, kwa upande wao, wanahitajika daima katika vijiji vyetu, ila mshahara wao ndio wa kusubiriwa.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi, kabla ya siku za kujiandikisha, kiwaite waliotutangulia: mhandisi, muuguzi, mwalimu, hata yule aliyemaliza sheria na sasa anauza vocha za simu. Watuambie wanafanya nini, na wanalipwa na nani.